Guru aliye kitabu: Usikh kama unavyotendwa gurdwara

Maelezo mengi kuhusu Usikh huanzia kwenye kilemba na vile vitu vitano vyenye majina ya herufi K. Msomaji anamaliza akiwa na orodha ya mavazi, na bado hajui kwa nini mtu ayavae. Sisi tunaanzia kwingine: kwenye kitabu chenye kurasa 1,430 ambacho Masikh (wale ambao mitaani huitwa Masingasinga) hukiita Guru, na kukihudumia kama mtawala aliye hai. Kina kiti chake, kina dari ya kitambaa juu yake, kina mtu wa kukipepea, na usiku hupelekwa chumbani kupumzika. Ukilishika hilo, karibu kila kinachofanyika gurdwara, nyumba ya ibada ya Masikh, hujieleza chenyewe.

Historia kwa ufupi. Guru Nanak alizaliwa mwaka 1469 Talwandi, mji ambao leo ni Nankana Sahib, kwenye sehemu ya Punjab iliyoko Pakistani. Baada yake walifuata Maguru tisa. Wa tano, Guru Arjan, alikusanya tungo na kukiweka kitabu ndani ya Harmandir Sahib, gurdwara kuu ya Masikh, kule Amritsar mwaka 1604. Miaka miwili baadaye aliuawa Lahore. Wa tisa, Guru Tegh Bahadur, aliuawa Delhi mwaka 1675 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na mwanawe, Guru Gobind Singh, akaziingiza tungo za baba yake kitabuni. Huyu wa kumi alifariki Nanded mwaka 1708 akiwa ameagiza kwamba baada yake hakuna tena Guru wa damu na nyama. Tangu hapo Guru ni Granth, yaani kitabu hicho, na ndiyo maana huitwa Guru Granth Sahib, kwa heshima ile ile anayopewa mtu.

Ndani yake si Maguru peke yao wanaosikika. Yumo Kabir aliyekuwa mfumaji, Ravidas aliyeshona ngozi na kudharauliwa kwa ajili ya kazi hiyo, Namdev, na Sheikh Farid, sufi wa Kiislamu aliyetangulia karne kadhaa. Dini iliyochukua maneno ya watu wa imani nyingine na kuyasujudia pamoja na ya waasisi wake ni jambo la nadra, na kwa maoni yetu linasema mengi kuhusu Usikh kuliko upanga wowote. Sehemu kubwa ya tungo zimepangwa kwa raga, mitindo ya muziki wa Kihindi, 31 kwa jumla, maana zilitungwa ziimbwe. Nakala zote za leo zina mpangilio mmoja wa kurasa, kwa hiyo ukitajiwa ukurasa wa 773 utakuta maneno yale yale popote ulipo.

Siku ya Guru

Alfajiri Granth hutolewa chumbani ikiwa imefunikwa kwa vitambaa viitwavyo rumala. Anayeibeba huiweka juu ya kichwa chake, na waliopo husimama hadi iwekwe juu ya manji, kitanda kifupi chenye mito na shuka safi, chini ya dari ya kitambaa iitwayo chandoa. Tendo hili la kuifungua asubuhi huitwa parkash. Jioni au usiku, kuifunga na kuirudisha huitwa sukhasan. Muda wote ikiwa wazi lazima awepo mtu nyuma yake, na mara kwa mara huipepea kwa chaur, usinga wa manyoya meupe. Zamani usinga ulikuwa alama ya mfalme. Hapa mfalme ni maneno.

Baada ya sala huchukuliwa hukam, yaani agizo la siku. Anayesoma hufungua popote bila kuchagua, kisha hutazama juu ya ukurasa wa kushoto. Utungo unaoendelea pale juu ndio agizo. Kama ulianzia ukurasa uliotangulia, hurudi nyuma na kuusoma tangu mwanzo. Hairuhusiwi kuudaka katikati. Ukiwa ni sehemu ya vaar, utungo mrefu wenye beti nyingi, husomwa salok, beti fupi za utangulizi, pamoja na pauri, ubeti mkuu unaozifuata. Wasomaji wachanga hukosea hapa: wanaona mstari mzuri katikati ya ukurasa, wanaanzia hapo. Huko ni kuchagua, na hukam haichaguliwi.

Kusoma kitabu kizima bila kukatiza huitwa akhand path na huchukua takriban saa 48, wasomaji wakipokezana. Mtu akisoma kidogo kidogo kwa nafasi yake, hiyo ni sahaj path. Rehat Maryada, mwongozo wa maisha ya Kisikh uliopitishwa mwaka 1945 na kamati ya SGPC inayosimamia gurdwara za kihistoria za Punjab, unakataza kuweka mtungi wa maji, taa ya samli au nazi kando ya Granth wakati wa akhand path. Vitu hivyo bado huonekana. Watu hupenda kuongezea baraka, na ndipo ibada inapogeuka kuwa uganga. Kasoro nyingine ni mbio: msomaji anayekimbiza saa hufanya maneno yasisikike, na mwongozo unataka yasomwe kwa namna ambayo msikilizaji ataelewa.

Kinachofundishwa

Granth inaanza na Ik Onkar: Mmoja. Maneno machache yanayofuata, Mul Mantar, yanamweleza Mungu kuwa kweli ndilo jina lake, muumba, asiye na hofu, asiye na chuki, asiyeguswa na wakati, asiyezaliwa, aliyepo kwa nafsi yake, anayejulikana kwa neema ya Guru. Hana sanamu, na hashuki duniani kwa umbo la mtu. Masikh humwita zaidi Waheguru.

Tatizo la binadamu, kwa mafundisho haya, ni haumai: ile hali ya kila kitu kuanzia na kuishia kwa “mimi”. Kutokana nayo huingia wezi watano, ambao ni tamaa ya mwili, hasira, uroho, kung'ang'ania vya dunia, na kiburi. Roho huzaliwa na kuzaliwa tena hadi itoke katika mzunguko huo, na hutoka kwa neema inayokutana na juhudi. Juhudi yenyewe ina nguzo tatu: naam japna, kulikumbuka jina la Mungu, kirat karni, kula jasho lako kwa kazi halali, na vand chhakna, kugawana ulicho nacho. Kutokana na hii ya tatu kuna dasvandh, sehemu ya kumi ya pato, inayoweza kutolewa kwa fedha na hata kwa muda wa kazi.

Kwa kuwa lengo ni kuivunja haumai, mengi yanayotarajiwa katika dini yameachwa nje. Kufunga chakula kwa ajili ya thawabu hakuna. Hakuna siku njema wala siku ya mkosi, hakuna kutazamia nyota, hakuna unajisi wa mwanamke aliyejifungua. Hakuna ukuhani wa kuzaliwa: granthi ni msomaji na mtunzaji, na Sikh yeyote, mwanamume au mwanamke, anaweza kuongoza sala. Kujitenga msituni na kuiacha familia hakusifiwi. Mtu anatarajiwa awe na kazi, awe na nyumba, na alipe madeni yake.

Siku ya Sikh aliyeshika dini huanza kabla ya mapambazuko, saa ziitwazo amritvela, kwa kuoga na kusoma Japji ya Guru Nanak (pauri 38, pamoja na Mul Mantar mwanzoni na salok mwishoni), Jaap, na savaiye kumi. Jioni husomwa Rehras, na kabla ya kulala Sohila. Sala ya pamoja, ardas, husemwa watu wakiwa wamesimama, viganja vimeunganishwa. Mistari ya kwanza imefungwa, na miwili ya mwisho pia, ile inayoomba heri ya wote. Katikati ndipo yanapoingizwa mahitaji ya siku.

Karah prashad, kwa vipimo

Kila ibada huishia kwa kugawa karah prashad, kitu cha jamii ya halua. Kanuni yake ni fupi: unga wa ngano, sukari na samli kwa kiasi sawa. Usawa huo ni sharti, si suala la ladha. Kwa uzito, kilo 1 ya unga huenda na kilo 1 ya sukari, kilo 1 ya samli na maji kama lita 3. Unga mzuri ni ule wa ngano nzima uliosagwa chenga kidogo. Ulio laini kupita kiasi hutoa uji wenye kunata.

Anayepika huoga kwanza, hufunika kichwa, na husoma Japji au tungo nyingine huku akikoroga. Karai la chuma huwekwa juu ya moto wa wastani, samli ikayeyuka, unga ukamiminwa wote. Mwanzoni mchanganyiko hukaza kama udongo wa mfinyanzi. Usiogope, wala usiongeze samli. Endelea kukoroga ukikwangua chini, na baada ya muda utalegea wenyewe, samli itaanza kuonekana pembeni, harufu itageuka kutoka ya unga mbichi kuwa kama ya karanga za kukaanga, na rangi itafika kahawia ya dhahabu. Kwa kilo 1 hesabu dakika 20 hadi 30. Kando, sukari iwe imeyeyushwa katika maji na maji hayo yawe ya moto wakati wa kumimina. Yatachemka kwa fujo na mvuke mwingi, kwa hiyo mwiko uwe mrefu. Kisha koroga bila kuacha mpaka mchanganyiko uachane na kuta za karai.

Unapoharibika, sababu ni chache. Moto mkali huunguza chini huku juu kukiwa kubichi, na ladha ya unga mbichi haifichiki. Maji baridi hutoa madonge ambayo hayatavunjika tena. Sukari ikitiwa kavu kwenye samli ya moto huungua kabla haijayeyuka. Na anayepunguza samli kwa kuogopa mafuta hupata kitu kinachoshika mikononi mwa watu na kwenye zulia.

Karai hupelekwa mbele ya Granth likiwa limefunikwa. Husomwa pauri sita za utungo wa Anand, yaani tano za kwanza na ya mwisho, na ardas. Kisha kirpan, upanga mfupi, hupitishwa ndani ya prashad. Hutengwa kwanza mafungu ya Wapendwa Watano (tutawaeleza mbele), halafu hupewa anayehudumu kwenye Granth, ndipo wote waliobaki hugawiwa kwa kufuata safu walivyokaa, tajiri na fukara fungu lile lile. Pokea ukiwa umeketi, viganja viwili vimeunganishwa. Mwenye kisukari aombe kidogo; hilo linaeleweka, ilhali kukataa kabisa huonekana kama kuisukuma mezani zawadi ya mwenye nyumba.

Langar

Jiko la gurdwara humlisha yeyote, bure, bila kuulizwa dini. Lilianza na Guru Nanak, na Granth yenyewe inamtaja Mata Khivi, mke wa Guru Angad, kwa wali wa maziwa wenye samli aliowalisha watu. Guru wa tatu, Amar Das, alilifanya sharti: kwanza keti safuni na kula, ndipo uonane na Guru. Katika jamii ambapo watu wa matabaka mbalimbali hawakugusa chakula cha wenzao, kukaa chini bega kwa bega ndiyo ilikuwa mahubiri. Huko Harmandir Sahib jiko halifungwi usiku wala mchana na hulisha makumi ya maelfu kwa siku.

Chakula ni dengu, chapati, mboga, mara nyingi wali na kitu kitamu. Nyama haipikwi, ili asiwepo wa kusema hiki mimi sili. Nje ya langar Masikh wanatofautiana: wengi waliopokea amrit (maji matamu yanayomwingiza mtu katika Khalsa, jumuiya ya waumini walioshika masharti yote) hawali nyama kabisa, huku Rehat Maryada ikikataza waziwazi ile iliyochinjwa kwa taratibu ya halali. Ubishi huo ni wa zamani na hautakwisha leo.

Katika majiko mengi ni desturi kutoonja chakula kabla ya ardas. Maana yake chumvi hupimwa kwa mkono wenye uzoefu, na hapo ndipo mgeni wa kujitolea anapoharibu sufuria zima la lita mia. Akipewa kazi, aanze na kukata vitunguu, kusukuma chapati au kuosha vyombo. Kazi hii ya kujitolea ni seva, na ile ya chini kabisa, kupanga viatu vya watu mlangoni, inaheshimiwa sana.

Unapokula, chapati hupokelewa kwa mikono miwili. Wahudumu watapita tena na tena wakitaja wanachobeba, na wasipozuiwa wataongeza. Funika sahani kwa kiganja. Kubakiza chakula ni kosa kubwa kuliko kuomba mara ya tatu. Kuhusu meza na viti, mwaka 1998 Akal Takht ya Amritsar, mamlaka kuu ya Kisikh, iliagiza langar iliwe sakafuni baada ya mzozo mkali katika gurdwara za British Columbia, Kanada. Kwa mtazamo wetu mgonjwa au mzee kupewa kiti si tatizo. Tatizo huanza pale ukumbi unapogawanyika kati ya wanaokaa juu na wanaokaa chini.

Khalsa na zile K tano

Siku ya Vaisakhi mwaka 1699, kule Anandpur, Guru Gobind Singh alisimama mbele ya umati na upanga, akaomba kichwa. Mmoja alijitoa, kisha wa pili, hadi watano: Daya Singh, Dharam Singh, Himmat Singh, Mohkam Singh na Sahib Singh, waliotoka matabaka na majimbo tofauti. Hao ndio Wapendwa Watano, Panj Piare. Guru aliwapa amrit, halafu akapiga magoti naye akaipokea kutoka kwao.

Amrit huandaliwa hivyo hivyo mpaka leo, mbele ya Granth. Huhitajika Masikh watano waliokwisha kuipokea na wanaoishi kwa masharti yake. Wanawake wanaruhusiwa kuwa miongoni mwao. Ndani ya bakuli la chuma hutiwa maji safi na patase, vidonge vya sukari. Watano hao huketi kulizunguka, goti la kulia chini na la kushoto juu, wakikoroga kwa khanda, upanga wenye makali mawili, huku wakisoma kwa zamu Japji, Jaap, savaiye kumi, Chaupai na Anand. Anayepokea hunywa mafumba matano, hunyunyiziwa mara tano machoni na mara tano kwenye nywele. Kinachobaki wote hunywa kutoka bakuli hilo moja, midomo ya kila tabaka kwenye ukingo mmoja.

Kuanzia hapo huvaa kesh, nywele zisizokatwa mwili mzima. Kangha, chanuo dogo la mbao. Kara, bangili ya chuma. Kachera, kaptura ya ndani. Na kirpan, upanga mfupi unaobebwa kwa mkanda. Makatazo manne ni kukata nywele, kula nyama ile tuliyoitaja, kuzini, na tumbaku. Anayevunja moja hurudi mbele ya watano, hukiri, na kuipokea amrit upya. Kwa makosa madogo hutolewa adhabu iitwayo tankhah, mara nyingi kuosha vyombo au kusafisha viatu vya waumini kwa siku kadhaa. Wengi wanaojiita Masikh hawajapokea amrit, na wapo wanaonyoa. Si haki kuwahesabu kuwa wako nje ya dini, ila Khalsa si wao.

Kilemba, dastar, hakimo katika K tano ingawa ndicho huonekana kwanza. Kinalinda kesh. Kwa kawaida ni melimeli au voili ya pamba yenye urefu wa mita 5 hadi 7. Nywele huchanwa mara mbili kwa siku na kufungwa fundo juu ya utosi. Fundo likiwa mbele mno kichwa huuma kufikia mchana. Kitambaa hulowanishwa kidogo, watu wawili hushika ncha na kukikunja kwa urefu, kisha ncha moja hubanwa kwa meno na kuzungusha kuanza. Nywele zikifungwa mbichi hunuka na kukatika. Kilemba hufungwa upya kila siku na kufunguliwa mkunjo kwa mkunjo; hakivuliwi kama kofia.

Ndoa, jina, kifo

Katika anand karaj wanandoa huketi mbele ya Granth, mwanamke kushoto kwa mwanamume. Baba wa bibi harusi humkabidhi ncha ya kitambaa kilicho begani kwa bwana harusi, kisha husomwa laavan, beti nne za ndoa za Guru Ram Das, zinazoanza ukurasa ule wa 773. Kila moja husomwa kwanza, halafu huimbwa wakati wawili hao wakiizunguka Granth polepole, Guru akiwa upande wao wa kulia. Baada ya mzunguko wa nne wameoana. Kupiga ramli ya siku, taji la bwana harusi na mahari vyote vimekatazwa, na vyote unaweza kuviona. Tabaka nalo limekataa kufa: Granth inalilaani, familia nyingi bado zinauliza ukoo kabla ya kuposa, na zipo gurdwara zinazojulikana kwa tabaka la waliozijenga. Anayeandika kuhusu usawa wa Kisikh bila kulitaja hilo anawapamba tu.

Jina la mtoto hutokana na hukam: herufi ya kwanza ya utungo uliofunguka ndiyo herufi ya jina, na huongezwa Singh kwa wa kiume, Kaur kwa wa kike. Maiti huchomwa, Sohila husomwa, majivu hutiwa kwenye maji yanayotiririka, na mnara wa kumbukumbu haujengwi. Kupiga mayowe na kujipiga kifua kunakatazwa.

Ukienda mara ya kwanza

Acha sigara na pombe mbali kabisa. Hata pakiti iliyofungwa isiingie nawe mfukoni. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa kwa kitambaa (vipo kikapuni mlangoni, kofia ya kawaida haipendezi). Tembea hadi mbele ya Granth, inama hadi paji la uso liguse sakafu kama dhamiri yako inaruhusu, la sivyo inamisha kichwa tu. Sadaka si lazima. Rudi ukae sakafuni, miguu imekunjwa, nyayo zisielekee Granth. Watu wakisimama kwa ardas, simama nao. Baada ya prashad usiondoke: langar iko chumba cha pili, na mwenyeji atakuuliza kama umekula kabla hajakuuliza jina.